Baridi Nayo Ina Kiswahili Chake: Maoni Kutoka Milima ya Taita

Kila mara chama kinapojadili safari ya kimasomo, jina linalotajwa kwanza ni Mombasa, la pili ni Lamu, na la tatu, hazina ikiruhusu, ni Unguja. Hoja huwa ile ile: huko ndiko kwenye chimbuko la lugha, huko ndiko kwenye malenga, miswada na wazee wa kuulizwa. Hoja hiyo siipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha nyuma yake, yaani kwamba Kiswahili ni lugha ya joto, lugha ya minazi na upepo wa bahari, na kwamba kikishapanda mlima huwa mgeni anayetetemeka, asiye na la kusema.

Katika makala haya ninakusudia kutetea jambo moja tu: kwamba baridi nayo ni mali ya Kiswahili, na kwamba sisi wanafunzi wa lugha na fasihi tuna wajibu wa kuifuata huko iliko, tuisikie ikisemwa, kisha tuiandike. Mfano wangu ni Kaunti ya Taita Taveta, nilikozaliwa, na hasa ziara ya siku moja kutoka Voi hadi Wundanyi wakati wa kipupwe, siku ambayo manyunyu hayakukatika tangu asubuhi hadi jioni.

Kaunti Moja, Nchi Mbili

Wengi huifahamu sehemu hii kupitia dirisha la gari. Voi ni mji wa njiani. Reli kutoka Mombasa iliufikia katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na mnamo 1898 simba wa Tsavo wakawatia kiwewe wajenzi wa daraja mbele kidogo ya hapo. Tangu 2017 treni ya Madaraka nayo ina kituo Voi. Anachokiona msafiri ni udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mibuyu na, akibahatika, kundi la ndovu waliojipaka udongo huo huo. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti nzima. Si ajabu basi kwamba jina la Taita Taveta limefungamana na vumbi, jua na wanyama. Hata hoteli mashuhuri ya watalii iliyobeba jina la Milima ya Taita haiko milimani. Iko chini, tambarare, katikati ya hifadhi ya wanyama. Mgeni aweza kulala huko siku tatu, akarejea kwao akisimulia kwamba amekwenda Milima ya Taita, ilhali hakupanda hata kilima.

Lakini milima ipo. Dabida, Sagalla na Mbololo ni ncha ya kaskazini ya safu ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, katika Upare, Usambara na kwingineko. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Wundanyi imepita mita 1,300. Na Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, kina mita 2,208. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000. Pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi huvuka nyika bila kuangusha mengi, zikagonga milima hii, zikalazimika kupanda, zikapoa, na ule unyevu ukageuka mawingu, ukungu na mvua. Ndiyo maana misitu iliyosalia, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, ina miti iliyovikwa kuvumwani, pamoja na ndege na mimea isiyopatikana kwingineko duniani.

Ningependa msomaji azingatie jambo moja hapa. Upepo wa kusi, ambao manahodha wa pwani waliupangia safari zao na washairi wakautaja tangu kale, ndio huo huo unaouletea mji wa Wundanyi ukungu wa Juni, Julai na Agosti. Kusi haukomei Mombasa. Aliyeusoma katika fasihi ya pwani pekee hajausoma wote.

Insha ya Mtoto wa Mlimani

Katika shule moja ya sekondari milimani nilikofanyia mazoezi ya ualimu, niliwapa wanafunzi insha ya kueleza asubuhi moja katika kijiji chao. Ilikuwa mwezi wa Julai. Madirisha ya darasa yalikuwa yamefungwa, wanafunzi wamevaa sweta, wengine wawili wawili kwa kila sweta ya shule na ya nyumbani, na uwanja wa mpira haukuonekana kwa ukungu. Nilipokusanya madaftari, nilikuta jua. Jua lilichomoza kwa mbwembwe, likatandaza miale yake ya dhahabu, likawachoma watu utosini. Insha baada ya insha, jua. Katika darasa zima ni mwanafunzi mmoja tu aliyeandika kwamba mamake alitoka alfajiri kwenda kuchuma sukumawiki na kabeji za kupeleka sokoni, na kwamba vidole vilimfa ganzi hata akashindwa kufunga kamba ya gunia. Insha hiyo ilikuwa na makosa mengi ya sarufi kuliko zote. Ilikuwa pia ndiyo pekee iliyosema kweli.

Siwalaumu wanafunzi wale. Waliandika walichofundishwa kuwa ni Kiswahili kizuri. Vitabu vya mapambo ya lugha vinavyouzwa madukani vimejaa mawio na machweo, mawimbi na minazi, na pale baridi inapotajwa, hutajwa kwa sentensi moja inayokaririwa nchi nzima, ya meno kugongana na mwili kutetemeka. Mtoto huyo anajua aina za baridi kuliko mtungaji wa kitabu, lakini anaamini kwamba anachokijua si Kiswahili, ni kitu cha kusemwa kwa Kidawida nyumbani na kuachwa mlangoni mwa darasa. Hilo ndilo linalonisumbua. Lugha inapomfundisha mtoto kutoyaona yaliyo mbele ya macho yake, huwa imeshindwa na kazi yake ya kwanza.

Neno Lililotamkwa Mwaka 1848

Pengine msomaji atasema kwamba hali hii ni ya tangu jadi, kwa kuwa Waswahili ni watu wa pwani na pwani hakuna baridi. Historia ina jibu, na jibu hilo limepita katika ardhi hii hii ya Taita.

Mwezi wa Aprili mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akapitia nchi ya Wataita kuelekea Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu mzoefu wa njia za bara. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima mkubwa ulio mbele yao, akadhani ni wingu. Alipouliza ni kitu gani kile, kiongozi wake hakumpa neno la theluji. Alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kwamba alichokuwa akikitazama ni theluji, akaandika habari hiyo, nayo ikachapishwa Uingereza mwaka 1849. Wataalamu wa huko hawakumsadiki. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha Mzungu aliyeona na Mzungu aliyekataa. Mimi nakiona pia kama kisa cha lugha. Wapo watakaodai kwamba Bwana Kheri alisema hivyo kwa kupungukiwa na msamiati. Nadhani sivyo. Neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, na neno barafu, lililotoka Uajemi, huenda yote mawili yasingemfaa mtu anayeonyesha kitu kilicho juu ya mlima ambacho hakuna katika msafara aliyewahi kukigusa. Yeye alitaja kile ambacho kitu hicho humfanyia mwanadamu. Hilo ni jibu la mtu aliyejua anachokizungumzia, na alilitoa kwa Kiswahili, wakati ambapo mabingwa wa London walikuwa bado wanabishana kama kitu chenyewe kipo. Wachaga nao walikuwa na jina lao, Kibo, ambalo leo ndilo jina la kilele chenyewe.

Kwa hiyo tangu karne ya kumi na tisa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuitazama theluji ana kwa ana. Tulichokosa tangu hapo ni waandishi wa kuendelea kutazama.

Miji ya Theluji na Mji wa Ukungu

Ughaibuni baridi huuzwa. Katika nchi kama Uswisi, Austria na Ufaransa kuna miji midogo ya milimani ambayo riziki yake yote hutegemea majira ya baridi. Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mlima Blanc, ndio ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi mwaka 1924. Watu husafiri maelfu ya kilomita ili wafungwe vibao virefu miguuni na kuteleza juu ya theluji. Mara nyingine, hasa katika miji isiyo na mwinuko mkubwa, mgeni hufika na kukuta mvua badala ya theluji, na kadiri dunia inavyozidi kupata joto siku za namna hiyo zinaongezeka. Hata hivyo mji haufungi milango. Mgeni hukaa mkahawani, huingia makavazi, huzungumza na wenyeji, na mara nyingi huandika. Fasihi za huko zina riwaya na tawasifu chungu nzima zilizozaliwa na siku za mvua.

Sisi hatuna mji wa namna hiyo. Theluji ya Afrika Mashariki iko juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, mahali pasipo na makazi, nayo inatoweka: Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Mkenya Philip Boit alipotaka kushiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, alilazimika kwenda kufanya mazoezi Finland. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe akamkumbatia. Tukio hilo lilisimuliwa ulimwenguni kote. Mimi hujiuliza lingesimuliwaje kwa Kiswahili, kwani hadi leo mchezo wenyewe tunauita kwa maelezo marefu, "mchezo wa kuteleza kwenye theluji", na hatua zake, mitelezo yake, mianguko yake, hazina majina yaliyozoeleka.

Inapendeza kukumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Helsinki, cha hiyo hiyo Finland, kina kituo cha utafiti Wundanyi. Watu wa nchi ya theluji wamekuja kuchunguza misitu, ardhi na hali ya hewa ya Taita, wakaona kuwa mlima huu una jambo la kufundisha. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka vyuo vya humu humu nchini bado tunapita Voi tukielekea Mombasa.

Siku Moja Wundanyi

Julai mwaka jana tulikwenda watano, wote wa shahada ya uzamili, kwa nauli zetu wenyewe. Tuliondoka Voi saa moja asubuhi kukiwa na jua hafifu na vumbi la kawaida la kituo cha matatu. Hadi Mwatate, yapata kilomita 25, hakuna aliyefunga dirisha. Baada ya Mwatate barabara ikaanza kupanda kwa kona, mashamba ya ngazi yakatokea kila upande, na abiria wenyeji wakaanza kutoa sweta mikobani bila kuambiana. Tulipofika Wundanyi, mji uliokuwa makao makuu ya wilaya kwa miaka mingi, hatukuuona mji. Tuliona mita ishirini za barabara, ukuta wa duka, na mwendesha bodaboda aliyevaa koti zito la mtumba, lile lililoshonewa watu wa kuteleza kwenye theluji, lenye kola inayofunika masikio. Alituambia makoti ya aina ile hayakai sokoni. Yakifunguliwa asubuhi, adhuhuri yamekwisha.

Nia yetu ilikuwa kupanda Vuria, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa kwamba siku ikiwa nyeupe mtu huona Tsavo yote upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Tukaingia katika hoteli ndogo kusubiri kukucheuke. Mwenye hoteli, mama wa makamo, alitupokea kwa chai ya tangawizi kabla hatujaagiza.

"Karibuni, wanangu. Mlikuja kuona mlima?"

"Ndiyo, mama. Twangoja mvua ipungue."

"Mvua ipi?" akauliza kwa mshangao wa kweli. "Hii si mvua. Mvua ni ile ya Novemba, inayobomoa njia. Huu ni ukungu tu, umeshuka."

Basi hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kilifi, alishikilia kuwa yale ni manyunyu kwa sababu matone yanaonekana. Wa pili alisema ni rasharasha. Wa tatu alisema ni umande uliochelewa kukauka, tukamcheka. Mama akatuacha tubishane, kisha akatuita mlangoni. Akatuonyesha bati la jirani. "Mvua huipiga bati, mnaisikia," akasema. "Huu hauipigi. Unailowesha." Na kweli, bati lilikuwa linachuruza maji, lakini kimya. Mzee mmoja aliyekuwa akila kimanga pembeni, mseto ule wa maharagwe na ndizi uliopondwa pamoja, akaongeza kwamba maji ya ukungu ndiyo yanayoiweka mifereji hai wakati ambapo huko Voi watu wanafuata mitungi. Akaeleza kwamba zamani, misitu ilipokuwa mikubwa, miti ilikuwa inadondoka maji siku nzima hata pasipo mvua, na mtoto aliyetumwa kuni alirudi ameloa kana kwamba ametumwa mtoni. Sasa msitu ni vipande, akasema, na ukungu hauna pa kujishikia.

Maneno hayo ya mzee yanaafikiana na elimu ya misitu ya ukungu: majani na kuvumwani hukamata matone yaelekeayo kupita na upepo, yakadondoka ardhini, yakalisha chemchemi. Ila mzee hakuyatoa kitabuni. Aliyatoa kwa Kiswahili safi cha Kitaita, chenye lafudhi yake na mpangilio wake, na katika muda wa kikombe kimoja cha chai alikuwa ametupa tofauti kati ya kupiga na kulowesha, kunyesha na kushuka, kudondoka na kuchuruza.

Hatukupanda Vuria. Kilimanjaro hatukuiona. Tulitembea hadi soko la mboga, tukawakuta kina mama wamejifunika kanga juu ya makoti, mikono ndani ya kwapa, wakipanga kabeji na nyanya za kupakiwa kwenda Voi na Mombasa. Wengine walikuwa wametandika magunia miguuni kwa sababu ya matope. Tulinunua tulichoweza kubeba. Saa kumi jioni tukashuka. Chini ya Mwatate tukakuta ardhi kavu kabisa, jua linawaka, na wenzetu wa Voi wakatuuliza swali wanaloulizwa watalii wote: "Mliona nini?" Mmoja wetu akajibu, "Hatukuona kitu." Kwa kipimo cha utalii alisema kweli. Lakini daftari langu lilikuwa limejaa kurasa kumi na moja.

Pingamizi na Majibu

Nilipoyazungumza haya katika kikao cha chama, nilipata pingamizi tatu, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwanza, iliambiwa kwamba ninaipamba taabu. Baridi milimani, walisema wenzangu, si burudani. Ni homa ya mapafu kwa watoto, ni njia zisizopitika, ni mazao yanayooza kabla ya kufika sokoni. Nakubali kila neno. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kutaka baridi iandikwe. Njaa ya nyika ina fasihi, ukame una fasihi, dhoruba ya baharini ina fasihi. Mama anayefunga gunia kwa vidole vilivyokufa ganzi hana, isipokuwa ile insha moja yenye makosa ya sarufi. Kuinyamazia taabu si kuihurumia.

Pili, ilidaiwa kwamba Kiswahili sanifu kimekwisha kukamilika na kwamba kukiongezea maneno ya kila mlima ni kukivuruga. Waama, lugha hai haikamiliki. Aidha, sehemu kubwa ya tunachokihitaji kimo tayari ndani ya kamusi: kipupwe, sakitu, jalidi, manyunyu, rasharasha, ukungu, umande, mzizimo. Maneno haya yamelala kama makoti ya mtumba ambayo hayajafunguliwa marobotani. Wangapi kati yetu wamewahi kuandika sakitu katika hadithi? Na pale kamusi inapokwisha, hatuna sababu ya kuziogopa lugha za jirani. Kidawida, Kisagalla na Kitaveta ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, na Kisagalla kina ukaribu wa nasaba na lugha za Kimijikenda, majirani wa Kiswahili wa tangu jadi. Neno likitoka huko haliji kama mgeni wa mbali. Linakuja kama binamu.

Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, mwenzetu mmoja alisema kwamba fasihi huhusu watu, si hali ya hewa. Ni kweli. Hata hivyo watu hawaishi hewani tupu. Mtu wa Voi anayengoja mvua na mtu wa Wundanyi anayengoja ukungu uondoke hawangoji kwa namna moja, wala hawasali, hawagombani na hawapendani kwa namna moja. Mwandishi asiyeijua tofauti hiyo atawapa wote wawili jua lile lile la vitabu vya mapambo, na msomaji wa Wundanyi atajua papo hapo kwamba hadithi hiyo haimhusu.

Mapendekezo

Ninatoa mapendekezo manne.

Mosi, safari ijayo ya chama iwe Taita Taveta, na iwe katika kipupwe, si Desemba. Tufike Voi, tupande Wundanyi, tupitie Ngangao, kisha tushuke hadi Taveta na Ziwa Chala. Gharama yake ni ndogo kuliko ya Lamu. Ikinyesha, tusiahirishe. Siku nyeupe wenyeji wako shambani. Siku ya ukungu wako jikoni na hotelini, na wana nafasi ya kuzungumza na mtafiti.

Pili, wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu wafikirie msamiati wa hali ya hewa katika Kiswahili cha nyanda za juu, si Taita pekee bali pia Usambara, Upare na kwingineko. Wazee wenye tofauti hizo vichwani wanazidi kupungua, na ukungu wenyewe, kwa jinsi misitu inavyokatwa, haujaahidi kutungoja.

Tatu, jarida hili litenge toleo moja kwa ajili ya tungo za kipupwe, na liwaalike wanafunzi wa shule za sekondari za milimani washiriki. Sharti liwe moja: aandike kila mmoja baridi anayoijua. Makosa ya sarufi tutasaidiana kuyarekebisha, ni kazi tuliyosomea. Baridi yenyewe hatuwezi kumwandikia.

Nne, wanaopanga utalii wa kaunti waache kuuza jua pekee. Mgeni wa ndani anayetoka Mombasa akiwa amechoshwa na joto angelipa kwa furaha siku mbili za kulala chini ya blanketi, kunywa chai ya tangawizi na kula kimanga cha moto, hata kama Vuria imejifunika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila apone mwenyeji kweli: yule mama wa hoteli ndogo, mwendesha bodaboda na wauza mboga, si kampuni ya mbali pekee.

Nahitimisha kwa kurudia nilichokisema mwanzoni. Lamu haitapungukiwa na chochote tukienda Wundanyi. Kiswahili kimeitwa lugha ya taifa kwa miaka mingi, na Katiba ya 2010 ikakifanya pia lugha rasmi. Taifa hilo lina watu wanaoamka kwenye jua na watu wanaoamka kwenye ukungu, na wote wana haki ya kuyakuta maisha yao wanapofungua kitabu cha Kiswahili. Orodha ya majina ya safari itabandikwa kwenye ubao wa chama. Jiandikishe mapema, na uje na sweta.